Mistari Minane

Miti haikuanguka kwa kishindo. Ililala tu, mmoja juu ya bega la mwenzake, kama watu waliochoka kusimama kwenye foleni. Wafanyakazi walipofika kipande cha saba cha shamba la miti asubuhi, baada ya upepo ambao haukuwa hata mkali, waliikuta mikaratusi ya miaka mitatu iko chini na majani yake mabichi, yananukia ile harufu ya dawa ya mafua ambayo mtu akishafanya kazi shambani mwaka mmoja huacha kuisikia.

"Mchwa hao," alisema mkata matawi.

"Mchwa gani wa kuangusha mti mbichi?"

"Mchwa ni mchwa tu, bwana. Ulitaka wavae sare ndiyo uwatambue?"

Watu wakacheka. Mama Pacha naye akacheka, ila alichelewa. Kicheko chake kilitoka wenzake wameshafunga midomo, kikabaki peke yake hewani kama nguo iliyosahaulika kambani. Alikuwa amekuja na wanawake wenzake wa kitalu cha miche kusaidia kuondoa matawi njiani. Lakini macho yake yalikuwa yameshajipa kazi nyingine. Yalianzia ukingoni mwa njia, yakahesabu. Kutoka mstari wa kumi na moja mpaka wa kumi na nane. Minane. Upande huu miti imesimama, upande ule imesimama, na katikati pengo, kama mdomo wa mtoto anayeng'oa meno.

Afisa misitu alifika na buti zake za mpira zilizomfika magotini. Watu walimwita Bibi Misitu, ingawa umri wa kuitwa bibi hakuwa nao. Alitembea kati ya miti iliyolala, akainama, akashika shina, akalitikisa. Likacheza kama jino bovu.

"Upepo haujui kuhesabu mistari," alisema. "Huu umehesabu. Chimbeni."

Nyapara alichukua jembe mwenyewe. Huyo nyapara ndiye mume wa Mama Pacha, mtu asiyependa kuagiza kazi ambayo hajaishika kwanza. Alichimba kuzunguka shina, akaingiza mikono, akavuta. Mzizi ulitoka umejisokota kama nywele zilizosukwa zikasahaulika kufumuliwa. Na juu yake, umekazwa mpaka umeingia ndani ya gamba, mfuko wa plastiki mweusi.

"Kiriba," alisema mtu, taratibu, kama anayetaja ugonjwa.

Kila mche hutoka kitaluni ndani ya kiriba chake. Mpandaji hukichana, hukitupa pembeni, ndipo huuweka mche shimoni na udongo wake. Jioni hukusanya viriba vitupu na kumkabidhi nyapara, na hiyo ndiyo hesabu yake: kiriba kimoja, mti mmoja. Hata mtoto aliyezaliwa shambani alijua hilo kabla ya kujua kujifuta kamasi. Na hapa palikuwa na mti urefu wa nyumba mbili, miaka mitatu umesimama ndani ya soksi.

Walichimba wa pili. Soksi. Wa tatu. Soksi.

"Mistari minane, mashimo thelathini kila mstari," alisema Bibi Misitu. "Aliyepanda hapa alileta viriba vitupu mia mbili na arobaini. Kama vya hapa viko ardhini, vile alivitoa wapi?"

Jibu walilijua wote. Nyuma ya kitalu palikuwa na rundo la viriba vibovu, vilivyopasuka kwenye meza za miche, la kwenda kuchomwa.

"Leta daftari la mwaka ule, nyapara. Soma jina."

Nyapara alifungua, akapitisha kidole, kidole kikasimama. Alilisoma mara ya kwanza kimya, na watu wakaona midomo yake ikitembea. Mara ya pili akalisema.

"Mzee Kamba."

Mkata matawi aliyekuwa na mzaha tangu asubuhi akaangalia viatu vyake. Mzee Kamba alikuwa baba yake nyapara. Ndiye aliyenyoosha kamba ya mistari katika shamba lile kwa miaka thelathini, ile kamba yenye fundo kila hatua tatu, na penye fundo ndipo panapochimbwa shimo. Kila kipande kilikuwa na kibao cha mbao mbele yake, na juu ya kibao, kwa chuma cha moto, palichomwa mwaka wa kupandwa na jina la mwenye kamba. Vibao kumi na tisa. Jina moja.

"Jumamosi, mbele ya wote," alisema Bibi Misitu. "Kama ni yeye, atarudisha kamba. Na vibao vyote vitaondolewa. Siwezi kuacha jina la mtu wa namna hii likisimama mbele ya miti."

Mama Pacha aliinama kuokota tawi. Akaliokota. Akaliweka palepale. Akaliokota tena.

*

Nyumba yao ilikuwa ya vyumba viwili, katika safu ya nyumba za wafanyakazi. Mchana ule mzee alikuwa kizingitini, amekunja mguu mmoja, akifungua na kufunga mafundo ya kamba yake kwa vidole, huku uso wake umeelekea juani. Pacha wawili, mabinti wa miaka mitatu na miezi kadhaa, walikuwa wamemzunguka.

"Babu, nifunge mimi!"

"Wewe jana nilikufunga. Leo zamu ya mwenzako."

"Mimi ndiye mwenzangu!"

Mzee alicheka hadi mabega. Nyapara alipoingia, hakuvua hata kofia.

"Baba. Kipande cha saba."

"Nimesikia. Habari mbaya haina haja ya miguu."

"Mistari ile imeandikwa jina lako."

"Basi ni yangu."

"Baba, wewe? Wewe ulinichapa nina miaka minane kwa sababu nilikunja mzizi wa mche mmoja! Mmoja! Ukasema mti haulii, ndiyo maana anayeupanda lazima awe na haya."

Vidole vya mzee vilisimama juu ya fundo. "Nilichoka siku ile. Mtu huchoka."

"Ungenambia mimi."

"Nikuambie nini? Kwamba baba yako amekuwa mvivu uzeeni? Haya, nimekwambia. Kanywe chai."

Nyapara alisimama kidogo, akitafuta usoni mwa baba yake kitu ambacho hakukipata, kisha akatoka bila kunywa. Mama Pacha alikuwa nyuma ya pazia na birika mkononi. Chai ilikuwa imejaa kikombe, ikajaa kisosi, ikaanza kumwagikia vidole, ndipo alipostuka.

Alisubiri wanawe watoke kumkimbilia baba yao. Kisha akaja, akachuchumaa mbele ya mkwewe kama inavyompasa mtu mwenye adabu, na mtu mwenye kosa.

"Baba, niache niseme."

"Useme nini, mwanangu?"

"Kwamba nilipanda mimi."

"Sema. Halafu watakuuliza, na mzee alikuwa wapi? Utajibuje? Kwamba alikaa mwisho wa mstari kwa sababu hawezi kujua mche ni upi na gugu ni lipi?" Aliipunguza sauti. "Kamba naishika kwa vidole, hawajui. Ila kupanda... Tulikubaliana, mimi na wewe. Uliniapia."

Kweli aliapa. Msimu ule macho ya mzee yalikuwa yameingia ukungu, na mwenye kamba naye alitakiwa apande mistari yake mwenyewe. Mwenye mtoto mchanga hakuruhusiwa kupanda, kwa ajili ya dawa ya mchwa iliyotiwa mashimoni. Mkwe na mkwewe wakawekeana siri: Mama Pacha apande nyuma ya kilima, wengine wasikofika, mzee akae na kupokea viriba, ahesabu, aonekane anafanya kazi. Sehemu yao yote ya kipande kile waliipanda hivyo, na mwana wa mzee, mume wa mwanamke, hakujua.

"Afadhali mvivu," mzee aliendelea. "Mvivu ni mtu aliyeiona kazi akaikataa. Kipofu je? Kipofu huambiwa pole, akaongozwa chooni."

"Baba..."

"Jambo moja tu niambie. Siku zote ulipanda vizuri. Kwa nini mistari ile?"

Mama Pacha alitazama mikono yake. Angeweza kusema ni jua, au uchovu. "Jirani alituma mtu. Akasema pacha mdogo ana homa, analia mpaka anakatika sauti. Wakati huo ana miezi minne. Maziwa yalikuwa yananitiririka mpaka kiunoni, Baba, nguo imelowa, na miche bado mia mbili na arobaini. Nikasema nikiiacha, hesabu ya jina lako itapungua na watauliza. Nikaichomeka ilivyo. Nikapita nyuma ya kitalu, nikajaza viriba kwenye ndoo."

"Ukanipa mimi nihesabu."

"Nilikupa."

Hilo ndilo lililomla. Si miti. Miti mtu anaweza kuipanda tena. Alimwekea mzee asiyeona viriba vya uongo mkononi, kimoja kimoja, na mzee akahesabu kwa sauti kama anayefundisha watoto: thelathini, sitini, tisini. Na alipomaliza akasema, "Ahsante mwanangu, nenda kanyonyeshe."

Mzee aliifunga kamba fundo ambalo halikuhitajika.

"Vilikuwa vikavu," alisema.

"Nini, Baba?"

"Viriba. Kiriba kilichotoka kwenye mche kina unyevu, kina chembe za udongo. Vile vilikuwa vikavu kama majani ya kiangazi. Vidole viliniambia. Mimi nikavijibu: labda ni jua." Akaikunja kamba. "Kwa hiyo usijione una dhambi peke yako humu ndani. Na usiseme kitu. Nenda kaangalie watoto."

*

Jumamosi walikusanyika chini ya banda la miche, penye meza ndefu za kupandikizia. Wanawake upande mmoja, wanaume upande mwingine, wengine wamekalia ndoo zilizopinduliwa. Bibi Misitu alikuwa ametundika koti lake kwenye nguzo ya kati, yeye mwenyewe akasimama kando na daftari.

"Leo kamba imemfunga mwenye kamba," alinong'ona mkata matawi.

"Nyamaza wewe. Kesho ni zamu yako na panga."

Mzee aliingia akishikwa bega na mwanawe, na kila mtu alifikiri ni uchungu. Alisimama wima. Alikuwa amevaa shati lake la kola, lililopigwa pasi na Mama Pacha asubuhi ile, mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza alilisahau chini ya pasi na kuliacha na alama ya rangi ya chai mgongoni. Sasa alama ile ilikuwa ikimtazama.

"Mistari ya kumi na moja hadi kumi na nane ulipanda wewe?" aliuliza Bibi Misitu.

"Mimi."

"Bila kuchana?"

"Bila."

"Ukakabidhi viriba vya rundo?"

"Ndiyo."

"Kwa nini, mzee wangu?" Na sauti ya yule mwanamke, kwa mara ya kwanza, ilishuka. "Mimi nimejifunza kwenye mistari yako."

"Uvivu."

Banda likaguna. Nyapara alikuwa ameinamisha kichwa mpaka kofia ikamficha uso wote.

"Basi rudisha kamba."

Mzee aliitoa kamba begani. Ilikuwa imeviringishwa vizuri, duara juu ya duara. Akapiga hatua mbili, akainyoosha kwa mikono miwili, kwa heshima, kama mtu anayetoa mtoto kwa mwenzake. Akaikabidhi koti.

Koti halikupokea. Mzee alingoja. Bibi Misitu alikuwa upande wa pili, hatua tatu kutoka pale, mkono wake umeshanyooshwa.

Kicheko kilianzia kwenye ndoo za nyuma. "Anampa koti! Mzee ana dharau huyu!" "Mwache, anakabidhi serikali ya vifungo!" Kikasambaa, maana watu waliobanwa na huzuni hucheka upesi. Hata wanawake wa kitalu walifunika midomo.

"Mzee," alisema Bibi Misitu, na sauti ilikuwa imepanda tena, "umenikosea miti, sasa unanifanyia kejeli mbele ya watu wangu?"

Mzee alisikia sauti ilikotoka. Uso wake ukageuka, mikono ikageuka nayo, pamoja na kamba. Alikuwa tayari kuitwa hata mjeuri.

"Si kejeli."

Watu waligeuka. Mama Pacha alikuwa amesimama, na hakukumbuka alisimama saa ngapi.

"Kaa chini, Mama Pacha," alisema mume wake kutoka chini ya kofia.

"Sikai, Baba Pacha. Si kejeli. Mzee haoni. Ana miaka minne haoni." Alisikia pumzi ya watu ikivutwa, na uso wa mkwewe aliuona ukikunjamana, kama mtu aliyemwagiwa maji. Hakuweza tena kurudi nyuma, akaendelea mbele. "Ile mistari niliipanda mimi. Nilikuwa nanyonyesha, sikuruhusiwa, nilijificha. Yeye alikuwa anahesabu viriba tu. Nikamdanganya. Nilimpa vya rundo kwa sababu najua haoni. Mnamcheka yeye, nichekeni mimi."

Hakuna aliyecheka. Hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Mkata matawi aliondoka kwenye ndoo yake, akaisukuma kwa mguu hadi karibu na mzee, akamgusa mkono. "Kaa, mzee wangu. Pole."

Pole. Neno lenyewe hilo. Mzee Kamba hakukaa. Aliiacha kamba ianguke miguuni mwake, akanyoosha mkono kutafuta njia, na mwanawe akamkimbilia, akamwongoza kutoka, taratibu, mbele ya macho yote ambayo kwa miaka minne alikuwa ameyashinda.

*

Hukumu haikuwa kali kama ilivyoogopwa. Bibi Misitu aliondoa kibao cha kipande cha saba tu. Kumi na nane vikabaki. Mama Pacha alitolewa kwenye meza za kupandikiza, akapelekwa kuchota maji ya kumwagilia. Mistari minane ing'olewe, mashimo yachimbwe upya, na familia ile ipande yenyewe siku zake za mapumziko. Pia aliandika barua ya kwenda hospitali. "Huo ni mtoto wa jicho," alisema. "Hutolewa. Mama yangu alitolewa, sasa anasoma mpaka bei iliyoandikwa chini ya sabuni." Mzee aliichukua barua akaiweka ndani ya kofia yake. Ikakaa humo.

Nyumbani hakuna aliyegomba. Nyapara alisema maneno yake siku ya kwanza, akiwa amegeukia ukuta. "Miaka minne nakula naye sahani moja. Nilikuwa namsogezea chumvi nikidhani ni uzee." Kisha baadaye, "Na wewe ulikuwa unajificha kilimani na maziwa yanakutoka. Mimi nilikuwa nyapara wa nani?"

Mzee hakumsemesha mkwewe. Mama Pacha akipeleka kikombe, mkono haunyooshwi. Akimpa mmoja wa pacha akipeleke, kinapokelewa, na baraka juu. Mama Pacha akajifunza kuishi nyumbani mwake kama mpangaji: kukohoa kabla ya kuingia, kufagia asikokaa mtu. Siku tisa. Alijua kwamba ukweli aliousema ulikuwa wa kweli, na alijua pia kwamba hakuwa na haki ya kutoa nusu yake, ile ya macho. Usiku na mchana mambo hayo mawili yaligombana ndani yake na hakuna lililomshinda mwenzake.

Siku ya kumi mvua ilinyesha vizuri, ardhi ikalowa. Walikwenda kipande cha saba na miche mia mbili na arobaini kwenye mkokoteni. Mume alichimba, mke akapanda, pacha wakaambiwa wakae juu ya gogo na wasiguse kitu, wakagusa kila kitu.

Alikuwa anaandaa mche wa kwanza aliposikia miguu ikikokota majanini. Mzee alikuwa anakuja peke yake, fimbo mbele, akipapasa mashina ya mstari wa kumi, ule uliosimama, shina moja hadi lingine. Alipofika mwisho wa mstari wa kumi na moja aliketi chini, mahali palepale pa miaka mitatu iliyopita. Akanyoosha mkono, kiganja juu.

Mama Pacha alimtazama mume wake. Mume wake alitazama jembe.

Akauchukua mche, akachana kiriba kuanzia juu hadi chini, akauweka shimoni, akashindilia kwa kisigino. Kisha akaenda, akapiga goti, akakiweka kiriba kwenye kiganja kile.

Mzee alikifunga mkononi. Akakifungua. Akakipitisha kati ya vidole, kutoka ukingo hadi kitako, akasugua chembe za udongo kwa dole gumba, polepole, muda mrefu kuliko kazi ile ilivyohitaji. Mama Pacha alikaa na goti lake kwenye tope.

"Kibichi," alisema mzee. Lilikuwa neno la kwanza kumwambia tangu Jumamosi ile.

"Ndiyo, Baba."

Akakiweka chini kando yake, akakiwekea jiwe kisipeperuke. Kiganja kikarudi hewani.

"Moja," alisema. "Lete kingine."